Zamu ya Safu ya Mkwaju

Kijumbe wa upatu wa kawaida akikosea, watu watagombana naye wiki nzima, kisha yataisha. Kijumbe wa maji akikosea, watu wataogelea. Ndiyo maana asubuhi ile Somo aliponiambia kwamba mvua imeshuka milimani na maji yatatufikia alasiri, sikumaliza hata chai. Niliiacha chapati yangu kwenye sahani, nikajifunga khanga kiunoni, nikatafuta ndala.

"Ni mengi?" nikamuuliza.

"Ni ya kupokelewa, Bi Siwema," akajibu. "Si ya kukimbiwa. Nayasikiliza tangu yalipoanza kuteremka."

Somo si mtu, ingawa anaongea kama mtu wa pwani aliyelelewa na bibi yake. Ni akili tuliyoletewa hapa Bondeni Kwa Zaituni. Masikio yake yamelazwa ndani ya mto kuanzia vilimani mpaka unakoingia baharini, jicho lake dogo liko ndani ya kila nyumba kujua kama kuna mtu, na mimi ananisemesha kwa kipuli cha sikio la kushoto. Wataalamu walimleta na jina refu la herufi na namba. Wanawake tukamtazama, tukamsikiliza, tukamwita Somo, maana somo ndiye anayekwambia ya ndani na ya kwako hayatoi nje. Hata yeye analijua hilo. Ukimwambia neno na ukamwomba asilitangaze, halitangazi.

Nikashuka moja kwa moja mpaka Safu ya Mkwaju, kwa sababu msimu huu zamu ilikuwa yao.

Mlangoni mwa safu, pale uchochoro unapoanza, mkeka wao ulikuwa umelala chini kama kawaida, kuku wamesimama juu yake. Mkeka mkavu ni mwembamba kuliko godoro la mtoto, na mgeni anaweza kuukanyaga mwaka mzima asijue amekanyaga nini. Ndani ya ukindu wake mmesukwa mwani uliooteshwa maabara. Ukinywa maji, na Somo akaupa ruhusa, unavimba, unajishikilia mwenyewe kwa mwenyewe, unasimama ukuta unaomzidi mtu mrefu. Akiuambia lala, unatema maji polepole na kulala. Nilipiga magoti nikalipapasa pindo lake lote nikitafuta palipoliwa na panya. Palikuwa pazima. Mikeka hii tunaisuka wenyewe, na siku hizi inaagizwa mpaka Beira, kwa hiyo nikiona mshono mbovu naujua ni mkono wa nani na namfuata kwake.

"Kijumbe, utaupapasa mpaka uote," Mwinyimvua akaniambia.

Mwinyimvua Dihenga ndiye mkuu wa Safu ya Mkwaju. Ni fundi wa matofali, mtu wa kifua kipana na maneno mengi, na siku ile alikuwa na furaha ya bwana harusi. Alikuwa amepanga vibao vyake vya kufyatulia kwenye kivuli, vimeoshwa, vimepakwa mafuta, na bado alikuwa anavifuta.

"Watu wako wameshahama?" nikamuuliza.

"Tangu alfajiri. Mke wangu yuko Kisimani kwa Bi Sikudhani, anakula wali wa watu. Wamebaki wenye kujivuta wawili watatu."

Lazima nieleze kidogo hapa, vinginevyo utadhani sisi ni wendawazimu tunaofurahia mafuriko. Mto haukatazwi. Wakubwa walipoona mvua zimebadilika, mvua ya mwezi mzima inashuka kwa siku moja, wakataka kutuhamisha. Tukawauliza tunahamia wapi, wakatutajia mahali ambapo hata fisi akienda hubeba chakula chake. Tukakataa. Kisha tukafanya lile tunalolijua tangu enzi za mama zetu: tukaucheza mto upatu.

Safu zetu ni zaidi ya kumi, na kila msimu moja inapokea. Watu wake wanahamia kwa majirani, wanalala, wanakula, hawaulizwi watarudi lini. Mikeka ya safu nyingine inasimama, ya kwao inalala, na maji yote yanaingia kwao na kusimama kimo cha mabega. Yakitulia yanaacha tope, na tope hilo likichanganyika na ute wa mwani linakuwa kitu ambacho babu zetu wangekionea wivu: ukilitia kwenye kibao na kuliweka kivulini, linakuwa tofali gumu bila moto wala saruji. Safu iliyopokea ina kazi ya mwaka mzima. Ina matofali ya kuuza na ya kujengea. Kwetu sisi mafuriko hayampigi mtu, mtu anayapokea, na anayapokea kwa zamu yake.

Na yasipopokelewa? Yanapita mtoni kwa kasi na kuwaangukia wenzetu wa kule chini, ambao bado wanasubiri mikeka. Kwa hiyo hakuna kusema tusimamishe mikeka yote tulale.

Safu ya Mkwaju walikuwa wamengoja muda mrefu. Walipopokea mara ya mwisho binti wa Mwinyimvua alikuwa ananyonya, na sasa anavaa sare ya sekondari. Kuta za nyumba zao zilikuwa zimeliwa chini mpaka unaona mafundo ya nguzo, na walikuwa wameshapatana kwamba kwa tope la safari hii watapandisha kila nyumba ghorofa moja, ili wakipokea tena wasihame, wapande ngazi tu na kuyatazama maji kutokea juu. Kwa Mwinyimvua hilo halikuwa jambo la kuongea, lilikuwa jambo la kuota.

"Na Mwanaidi?" nikauliza.

Mwinyimvua akaacha kufuta kibao. "Huyo ni wako. Mimi mwanamume, siwezi kuingia kwa mwenye eda. Lakini maji ameyakaribisha, nimemsikia kwa masikio yangu."

*

Mwanaidi ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana wa kusuka mikeka ya kawaida, ile ya kulalia. Mumewe, Kondo, alikuwa amefariki kwa homa, na yeye alikuwa katika mwezi wa pili wa eda, amekaa ndani ya nyumba ya mwisho ya safu. Tulikwishapatana. Ustadhi alisema wazi kwamba nyumba ikiwa na hatari mjane ana ruhusa kutoka, na mimi chumba nilikuwa nimekwishamtengea, pazia jipya, birika la maji mlangoni.

Nikapiga hodi, nikaingia. Sikumwona.

"Niko huku," akasema, na sauti ilitoka juu.

Kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, tofali juu ya tofali, mpaka kikawa karibu na bati. Yeye amekaa katikati yake na nguo yake ya eda, ameinamisha kichwa kidogo kwa ajili ya paa, pembeni ana chupa ya chai na tasbihi.

"Mwanaidi," nikamwambia, "nani amekuinulia kitanda?"

"Mwenyewe. Kidogokidogo tangu juzi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitoki, shoga."

Nikatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kitu chini, vyote alishavipandisha. Nikakaa kizingitini.

"Ustadhi amekupa ruhusa."

"Ruhusa si amri."

"Na umekaribisha maji. Mwinyimvua kakusikia."

"Nimekaribisha, ndiyo. Watu wamengoja zamu hii watoto mpaka wamekuwa wakubwa. Leo mimi niwazibie njia kwa ajili ya kitanda? Wacha yaje. Mimi nitakaa juu kama kuku, yakitulia nitashuka."

"Yatafika mabegani, Mwanaidi. Na hiyo minara yako ikilainika?"

Akazungusha tasbihi. Kisha akasema, na hakulia, na hilo ndilo lililoniuma: "Siwema, humu ndani bado mimi ni mke wa Kondo. Harufu yake ipo, fimbo yake iko nyuma ya mlango. Nikivuka hicho kizingiti ulichokalia nitakuwa mjane. Najua nitakivuka. Lakini eda ina siku zake, na siku zangu hazijatimia. Usinitoe kabla sijawa tayari."

Mimi mtu wa majibu, uliza mtaa mzima, lakini pale nilikaa nikachezea upindo wa khanga.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza mwisho.

Akaelekeza kidole ukutani, kwenye jicho la Somo. Lilikuwa limefunikwa khanga, kama desturi yetu ilivyo: nyumba ya mwenye eda hata Somo hatazami. "Yeye hanioni. Atakuuliza wewe. Mwambie hamna mtu."

*

Hapo ndipo ulipokuwa mzigo wangu, na nauweka wazi ili nisionekane nilikuwa nazungukazunguka bure. Bondeni tuna sheria moja: Somo anahesabu, safu inakaribisha, kijumbe anasema. Kikikosekana kimoja, mkeka haulali. Somo alishahesabu. Safu ilishakaribisha, kila nyumba kwa kinywa chake, hata Mwanaidi. Kilichobaki ni mimi. Nikisema hamna mtu, Mwinyimvua anapata ghorofa zake na shoga yangu anakaa juu ya minara ya matofali katikati ya maji. Nikisema yumo, Safu ya Mkwaju inaikosa zamu yake msimu huu kwa neno langu, na upatu ukivunjwa zamu mara moja, mara ya pili hauna hata haja ya kuvunjwa, unakufa wenyewe. Na kumburuta mjane ndani ya eda yake kwa nguvu, huku analia jina la mumewe, hilo sikutaka hata kulifikiria mara mbili.

Nikaenda Kisimani kwa Bi Sikudhani kuomba shauri, kwa kuwa yeye ni mkuu wa safu inayofuata zamu na ana umri wa kunifokea. Nilimwambia yeye peke yake, na nikamwambia ni siri. Kwa hiyo kabla ya adhuhuri Bondeni nzima ilikuwa inajua, kasoro Mwinyimvua na vibao vyake.

Ajabu yake hakuna aliyenisemesha. Nilipita Gereji, nikamkuta Massawe, mkuu wa safu ile, anapandisha injini zake juu ya makreti. Nikamuuliza vipi, akasema anafagia. Nikapita Mnarani, wanapandisha magodoro darini, wanasema kunguni. Msufini mama mmoja alikuwa ananing'iniza magunia ya unga kwenye boriti, akasema panya. Nikajisemea kwamba leo watu wameamka na usafi. Kichwa changu kilikuwa kwa Mwanaidi, sikutia akilini.

Bi Sikudhani mwenyewe shauri alilonipa lilikuwa fupi. "Mwanangu, wewe ndiye kijumbe," akasema, akanisukumia kikombe cha maziwa. "Kunywa. Una uso wa mgonjwa."

*

Adhuhuri ilipopita Somo akanisemesha. "Maji yamepita daraja la juu, Bi Siwema. Nasimamisha mikeka."

Nilikuwa nimerudi kwa Mwanaidi, nimekaa palepale kizingitini. Kutoka pale nilisikia sauti ya mikeka ikinywa, ule mfyonzo mrefu kama ng'ombe kwenye birika, safu baada ya safu, kuta za kijani zikipanda. Nje, Mwinyimvua alikuwa anaimba kwa sauti mbaya huku anavipandisha vibao vyake juu ya bati.

"Nyumba ya mwisho ya Safu ya Mkwaju jicho langu limefunikwa," Somo akaendelea. "Nitashuhudia kwa kinywa chako. Ndani kuna mtu?"

Mwanaidi alinitazama kutoka juu. Alijua nimeulizwa. Akatikisa kichwa kidogo tu, kunisihi.

"Ngoja," nikamwambia Somo.

"Naweza kungoja. Maji hayawezi."

"Ukipata jibu kwamba yumo, maji unayapeleka wapi?"

"Safu isiyo tayari siipelekei. Nitayapitisha chini."

"Kwa wasio na mikeka."

"Ndiyo. Labda iwepo safu nyingine iliyokaribisha, na wewe useme."

"Ipo?"

Somo akanyamaza. Sasa, Somo hanyamazi. Unaweza kumuuliza jambo la kipuuzi saa yoyote, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Nikainuka pale kizingitini.

"Somo. Ipo safu nyingine iliyokaribisha?"

"Nimeombwa nisiseme."

"Umeombwa na nani?"

"Hilo ndilo nililoombwa nisiseme."

"Basi niambie idadi. Ni wangapi waliokuomba?"

"Idadi hakuna aliyeniomba niifiche," Somo akasema, na naapa alikuwa kama amepata nafuu. "Ni wote."

Nikaegemea mlango. Kunguni, panya, kufagia. Unaona, hapa kwetu mtu hawezi kusimama hadharani akasema, jamani, mimi nitapokea badala ya Mkwaju. Watasema anamezea mate tope la wenzake, na aibu hiyo inakwenda mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo kila mkuu wa safu alijifungia ndani, akamwita Somo kwa sauti ya chini, akasema watu wake wanakaribisha, wapewe maji wao ili mjane asisumbuliwe, na tafadhali wenzao wasijue. Na kila mmoja aliamini yeye peke yake ndiye mwenye roho nzuri hapa Bondeni. Ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa watu wangu, na nilicheka pale mlangoni mpaka Mwanaidi akaniuliza kama nimepata wazimu.

Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu hapo sasa ndipo ilinibidi nichague. Nikisema Gereji, nimempa Massawe tope la Mwinyimvua. Nikisema Kisimani, watasema nilikunywa maziwa ya watu ndiyo nikawapa zamu. Safu yoyote nitakayoitaja, nimeiuza zamu.

"Yakienda kote," nikauliza, "yatafika wapi?"

"Chini ya goti. Nyumba hii yatagusa tofali la kwanza la kitanda. Lakini Bi Siwema, tope litatawanyika. Litakuwa jembamba kila mahali. Hakuna safu itakayovuna."

"Hata Mkwaju."

"Mkwaju hasa."

Nje Mwinyimvua alikuwa bado anaimba. Nilimpenda mtu yule wakati ule, na nilijua namfanyia nini.

"Andika," nikasema. "Ndani kuna watu wawili."

"Wawili?"

"Mimi na yeye. Siendi popote. Na kwa kuwa safu zote zimekaribisha, lete kote."

"Kijumbe amesema," Somo akajibu, na mikeka yote ya Bondeni ikaanza kulala.

Nikapanda kwenye kitanda cha Mwanaidi. Ni kupanda kwa shida, mimi si mwembamba. Akanivuta mkono, akanisogezea nafasi, akanimiminia chai. Baadaye maji yaliingia chini ya mlango, ya kahawia, taratibu, kama mgeni asiye na uhakika kama amefika nyumba aliyoambiwa. Yalizunguka matofali ya kitanda yakatulia. Ndipo Mwanaidi akalia, kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikamshika, na sikumwambia anyamaze.

"Wamefanya hivi kwa ajili yangu?" akauliza.

"Wamefanya kwa ajili ya Kondo. Wewe ulikuwa kisingizio," nikamwambia, na akacheka ndani ya kilio.

Mwinyimvua alikuja dirishani, maji chini ya magoti, amegeuza uso pembeni kwa heshima ya mwenye eda.

"Siwema uko humo?"

"Nipo."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Sikupunguza wala sikupamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anitukane.

"Watoto wetu wamekua wakiisubiri," akasema, akaondoka akichapa maji kwa miguu.

*

Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshanywewa na mikeka na kuteremka zake. Bondeni nzima ilikuwa na tope la vidole viwili, kila chumba, kila uchochoro, jembamba na laini kama uji wa mtoto. Huwezi kufyatua tofali kwa tope la vidole viwili. Ukilikwangua kwako utapata la kuzibia ufa, basi.

Nilimsalimia Mwinyimvua, hakuitika. Amekaa kwenye kiti mbele ya vibao vyake vitupu. Watu wa safu yake walikuwa wamerudi na vifurushi vyao, wamesimama nyuma yake, na hakuna aliyenitazama usoni. Walikuwa na haki. Nilikuwa nimeokoa mtu mmoja kwa mali ya watu wengi, na hata kama ningeambiwa nirudie ningerudia, lakini sikuwa na uso wa kuwaambia hivyo asubuhi ile.

Bi Sikudhani akaja. Ana beseni kichwani, linachuruzika mpaka begani. Akapita katikati yetu bila salamu, akafika kwenye uwanja wa Mwinyimvua, akalipindua. Tope likaanguka.

"Nimekuja kumwaga uchafu," akasema. "Kwangu hauna pa kukaa."

Mwinyimvua akamtazama.

"Usinitazame. Kisimani kwetu ni padogo," akasema, akageuka na beseni lake.

Nyuma yake akaja Massawe na toroli. "Hili dubwana linaniharibia vyuma," akanung'unika, akamwaga, akalipigapiga toroli mpaka tone la mwisho. Halafu Mnarani, wanawake sita, ndoo. Msufini, magunia yaliyopasuliwa, wanaburuta. Kila mtu alikuwa na malalamiko yake: tope linanuka, tope linateleza, mtoto karibu avunjike mguu, ondoeni tope lenu hapa kwetu. Hakuna hata mmoja aliyesema amekuja kuwapa Mkwaju chochote. Walikwangua sakafu zao mpaka ukaona ule udongo mgumu wa chini, wakakwangua vichochoro, wakakwangua vizingiti, na njia ya kwenda kwa Mwinyimvua ikawa na foleni na watu wanagombana nani alifika kwanza.

Hata Mwanaidi. Dirisha lake likafunguka, mkono ukatoka na sinia lililojaa. Binti wa Mwinyimvua, yule wa sekondari, akakimbia kulipokea, akalirudisha tupu, na mkono ukatoka tena na jingine.

Lundo likapanda. Likafika goti, likafika kiuno. Jua lilipochoma watu wakaanza kupungua, na mwisho hakukuwa na wa kuleta. Tukasimama tukalizunguka. Lilikuwa lundo zuri, lakini kila mtu pale amewahi kupokea, na kila mtu aliona kwa macho kwamba halifiki. Lundo la zamu kamili linafunika vichwa vya milango. Hili lingetoa ghorofa kwa nusu ya safu, pengine na chumba.

Ndipo Somo akanisemesha, na nikalisema kwa sauti kwa sababu halikuwa jambo la kunong'ona.

"Somo anauliza aandike safu gani imepokea msimu huu."

Watu wakamtazama Mwinyimvua. Nadhani unaelewa kwa nini. Nikiandikisha kwamba hakuna aliyepokea, zamu inabaki ya Mkwaju, msimu ujao wanapokea wao tena, kamili, na ghorofa zao zote. Lakini Kisimani wanasogea nyuma, na Gereji nyuma yao, na Mnarani, na Msufini, Bondeni nzima inangoja msimu mmoja zaidi kwa ajili ya jambo lililofanywa kwa siri na kwa wema. Na haki ilikuwa ya Mwinyimvua. Akisema hatukupokea, nani wa kumpinga? Bi Sikudhani alitazama kando. Alikuwa na nyumba yake inayovuja, na hakusema.

Mwinyimvua akainuka. Akalizunguka lundo polepole, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akalifikicha tope kwa vidole, akalinusa. Akatazama watu wa safu yake mmoja mmoja. Akatazama dirisha la Mwanaidi, lililokuwa limefungwa tena.

"Andika Mkwaju," akasema. "Tumepokea."

"Mwinyimvua, lundo halija—" nikaanza.

"Nimekuuliza ukubwa wake? Nimekwambia andika."

Somo akaandika. Mwinyimvua akavuta kibao cha kwanza, akakiweka chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Na sasa nipishe, kijumbe," akaniambia. "Umekanyaga mali yangu."